Ng'ombe ya Dote na Ponti ya Nyuma

Muyomba wangu, ndugu ya mama, haamini kitu yoyote yenye haijapita ku ukucha yake. Ni mutu wa maziwa. Alizaliwa ku milima ya Masisi katikati ya ng'ombe, akakomea katikati ya ng'ombe, na hata sasa vile anaishi Goma, mutaa wa Murara, kwenye majiwe nyeusi ya volkano, kwenye hata mbuzi inatembea ikiangalia chini, yeye bado anashika fimbo ya kuchunga. Kila asubuhi wanamuletea maziwa. Anachovya kidole gumba, anainua, anaangalia tone juu ya ukucha. Tone ikitulia, imekaa muzuri kama mama mwenye amepata kiti ya mbele ku kanisa, ile ni maziwa. Tone ikikimbia, kuko mutu ametia mayi, na huyo mutu atatukanwa mupaka babu yake atageuka mu kaburi.

Ninaanza na ukucha juu matatizo yote ilitokea pale.

Muyomba alinunua kamioneti, ile gari ndogo yenye inabeba mizigo nyuma. Okazio, yenye wengine walikwisha tumia, bila shaka. Mpya tunaionaga tu ikitupita na kutufunika vumbi. Ilikuwa ya biro fulani ya mutaa wa Himbi, halafu biro ikaiachia shofere wao wa zamani, naye akamuuzia muyomba. Zamani ilikuwa nyeupe, sasa ilikuwa rangi ya chai. Ku milango ungeona bado alama kwenye walikwangua jina ya biro, kama mutu mwenye amefuta tatuwaje ya jina ya bibi wa kwanza.

Siku ya kuichukua, muyomba aliikagua sawa ng'ombe ya soko. Akaipiga kofi ku ubavu. Akafungua kapo, kifuniko ya moteri, akaangalia meno. Akazunguka nyuma, akainama, akachungulia chini ya mukia.

Nikamuuliza, "Muyomba, imezaa mara ngapi?"

"Weye, hiyo kinywa yako itakuzika," akasema. Lakini niliona aliendelea kuangalia kule chini muda murefu kuliko vile ilifaa.

Sasa, kwetu, ukipata kibuyu ya maziwa yenye ilikuwa ya mutu mwingine, hautii maziwa yako palepale. Unaosha, unafukiza moshi, unatoa harufu ya wenyewe, halafu njo inakuwa yako. Muyomba akaona gari nayo ni kibuyu. Akasema mafuta yote ya wenyewe itoke: ya moteri, ya bwati ya gia, ya ponti. Tukaipeleka kwa fundi jirani yetu, mwenye garaji yake ilikuwa bati moja na majiwe ya kuzuia bati isiruke. Fundi huyo alikuwa na mukono mwepesi wa kufungua gari. Kufunga njo ilikuwa nzito kidogo.

Ya moteri ilitoka nyeusi, muyomba akaitika. Ya bwati ikatoka, akaitika. Halafu fundi akafungua ponti ya nyuma.

Ponti, kwa mwenye hajawahi kulala chini ya gari, ni ile tumbo ya chuma yenye iko katikati ya magurudumu mbili za nyuma. Kazi yake ni kugawa nguvu. Gari ikikata kona, gurudumu ya inje inakimbia, ya ndani inatembea pole. Ponti njo inawaambia kila mutu mwendo yake. Sawa mama mwenye anatembea na watoto wawili, mumoja ameshika pipi na mwingine ameshika kinyongo.

Mafuta yenye ilitoka mule ilikuwa nyepesi, safi, na ilikuwa na harufu ya volkano siku yenye imeamka vibaya. Muyomba akachovya kidole gumba. Akainua. Tone ikateremuka ukucha, ikapita ku kiganja, ikaingia mu mukono ya shati.

"Mayi!" akalia. "Yule shofere ametia mayi!"

Watu wakakusanyika. Kwetu watu wanakusanyika hata kwenye mutu amepiga chafya. Kila mumoja akachovya kidole, kila mumoja akaangalia tone ikikimbia, kila mumoja akatikisa kichwa. Miye pia nilichovya, nikatikisa. Fundi akaona vile upepo inaenda, akasema, "Papa, uko na haki. Hii ni mayi ya kuoshea sahani."

Muyomba akatuma mafuta ya makamio, ile ya malori makubwa yenye inapanda milima na mizigo ya viazi. Ilikuwa nene kama asali ya baridi. Akaipima: tone ikakaa juu ya ukucha, ikatulia, ikakunja mikono. Nilimuona muyomba akicheka peke yake. Wakaijaza mu ponti mupaka ikafurika.

Siku za kwanza hatukusikia kitu. Mutaa wetu wa Murara, ukiwa na gari nzima, inatetemeka. Ukiwa na gari mubovu, inatetemeka vilevile. Barabara ya majiwe haina ubaguzi. Lakini muyomba alikuwa anapeleka maziwa mupaka Himbi, na kule kuko goudron, barabara ya lami. Siku moja tulikuwa tunaingia pole pole ku portail, geti ya mama mumoja, mteja wetu, na gari ikaanza: kra-kra-kra-kra! Nyuma yote ikatingishika sawa mbuzi yenye inakataa kamba. Vifuniko vya bidoni za maziwa vikacheza. Tukanyoosha, ikanyamaza. Tukakata kona ya kutoka: kra-kra-kra-kra.

Muyomba akazima moteri. Tukaangaliana.

"Ni weye ulifanya ile?" akaniuliza.

"Muyomba, hata ningekula maharagi ya juzi, singeweza ile."

Ikaendelea vile. Kuenda sawa, kimya kama misa ya asubuhi. Kukata kona pole pole, kra-kra-kra. Yule mama wa Himbi akafungua bidoni, akaangalia povu, akasema kwa heshima kabisa, "Papa, miye niliomba maziwa. Siagi nitatengeneza mwenyewe."

Ingekuwa ni maziwa tu, tungecheka na kuendelea. Lakini kaka yangu mukubwa alikuwa anaoa.

Kaka yangu ni mutu wa maneno kidogo. Mama anasemaga tulipokuwa mu tumbo yake, miye nilichukua maneno yote juu yeye alipita akaisahau. Baba yetu hayuko tena, kwa hiyo muyomba njo alisimamia dote, ile mahari. Ile ingine yote ilikuwa imemalizika; ilibakia ng'ombe, yenye ilikuwa kwa rafiki ya muyomba, barabara ya Sake. Na wakwe wetu, wa mutaa wa Katindo, walikuwa watu wa kwetu kabisa, wa milima, wenye wanajua ng'ombe kuliko vile daktari anajua mutu. Nyanya ya bibi-arusi, mukongwe mwenye macho ya tai, alikuwa ametuma neno: ng'ombe ya mujukuu wake ifike imesimama. Ng'ombe yenye imepiga magoti mu njia, kwao, ni ng'ombe yenye imechoka na ndoa mbele ndoa haijaanza. Hawaipokei. Inarudi kwenye ilitoka, na siku ya arusi inarudi nyuma nayo, mupaka wazee wakae tena.

Kamioneti zingine? Zote za watu tunajua zilikuwa zimeenda ku mizigo, na muyomba alikuwa amekwisha jisifu mbele ya wakwe: "Nitaileta mu gari yangu." Mutu wa Masisi akisema "yangu" mbele ya wakwe, ni afadhali afe.

Samedi, ile Jumamosi ya kupeleka ng'ombe, ilikuwa karibu. Tukarudi kwa fundi.

Fundi akasema lazima aisikie mwenyewe. Akachukua volani, usukani, muyomba akakaa kando yake, na miye wakanilaza nyuma, sikio yangu ku chuma, sawa daktari. Tukaenda ku rompwe, ile duara kubwa ya barabara, juu pale goudron ni laini na kona haiishe. Fundi akaanza kuzunguka, pole pole, volani imekunjwa. Kra-kra-kra-kra. Tukazunguka tena. Pikipiki zinatupigia honi, mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao, amebeba makaa anatutukana kwa Kinande, na miye niko nyuma, nimelala kifudifudi, napiga kelele: "Iko inatoka katikati! Hapana, kushoto! Hapana, katikati!"

Mutu wa rulaje, polisi wa barabara, akatusimamisha.

"Nyiye munatafuta nini hapa?"

"Shefu, tunatafuta makelele," fundi akasema.

"Na yule mwenye amelala nyuma? Ni mugonjwa?"

Nikainua kichwa. "Shefu, miye njo mashini ya kupima."

Akaangalia mbingu, akatuambia tuondoke mbele hajakumbuka kazi yake.

Ku garaji, fundi akaingia chini. Alianza na kruwazio, ile msalaba ya chuma yenye inaunganisha ponti na kardani, ule muti wa chuma wa kuzunguka chini ya gari. Akashika kardani kwa mikono mbili, akaitikisa kwa nguvu. Haikucheza hata kidogo. "Kruwazio iko muzima," akasema, na nilisikia mu sauti yake kama huzuni. Akaweka kriki, akainua nyuma yote, akazungusha magurudumu kusikiliza rulma, beringi zao. Zilizunguka bila kulia, laini kabisa. Huzuni ikaongezeka. Akaangalia mapine, matairi: urefu moja, kuisha moja. Akajikuna.

Halafu akashika gurudumu ya kuume, akaizungusha mbele. Ya kushoto nayo ikaenda mbele.

Akarudisha nyuma. Ya kushoto ikarudi nyuma. Akatoka kule chini akiwa na uso ya mutu wa kuleta habari ya kifo.

"Papa," akasema, "ponti ya gari zote, ukizungusha gurudumu hii mbele, ile ya pili inaenda nyuma. Hii inafuata mwenzake sawa mapacha. Maana yake ndani imeshikana. Imekufa. Inapaswa kushuka yote, nifungue, tutafute vipuri."

"Samedi itakuwa imemalizika?"

"Samedi gani?"

Muyomba akakaa juu ya jiwe. Ile fimbo yake ikaanguka, hakuiokota. Sijawahi kumuona vile. Kaka yangu, mwenye alikuja kuangalia tu, akasimama pale na mikono mu mifuko, na kwa mara ya kwanza mu maisha yake akasema maneno mingi: "Basi tutaenda na ng'ombe kwa miguu."

"Kutoka barabara ya Sake mupaka Katindo? Mu kati ya makamio na pikipiki?" muyomba akasema. "Itafika imepiga magoti, imesali na kitubio imefanya." Halafu macho yake ikapata moto. Akanionyesha kidole. Ile ya kupimia. "Weye. Kinywa yako ni kubwa na haina kazi. Enda Himbi kwa yule shofere mwenye aliniuzia maiti. Mutukane. Mutukane muzuri, usirudi na tusi hata moja mu mufuko."

Ile ilikuwa komisio, kazi ya kutumwa, ya kwanza mu maisha yangu yenye nilikuwa na masomo yake yote.

Nikamukuta shofere mu parseli yake, uwanja wa nyumba, nyuma ya majumba makubwa yenye inaangalia ziwa. Muzee munene, kofia ku kichwa, amekaa ku kiti ya gari yenye haina gari, anakula mihogo. Njia yote nilikuwa nimepanga matusi kwa urefu, ndogo mbele, kubwa nyuma. Nikasimama mbele yake.

"Papa shofere," nikaanza, "muyomba wangu anakusalimia, na anasema weye ni mutu mwenye anaweza kutia mayi hata mu mayi."

Akatafuna. "Nilitia mayi mu nini?"

"Mu ponti! Mafuta yote ilikuwa mayi. Ilikimbia ku ukucha. Tuliitoa yote, tukatia ya makamio, nene, ya watu wa haki. Na sasa ponti imekufa, inalia kra-kra ku kila kona, na samedi tuko na ng'ombe ya dote!"

Shofere akaacha kutafuna. Akaweka sahani chini pole pole, sawa mutu mwenye amesikia nyoka.

"Muliitoa?"

"Yote."

"Mukaitupa?"

"Fundi alipaka ku mulango ya nyumba yake. Hailie tena."

Akashika kichwa. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mupaka kofia ikaanguka, bibi yake akatoka mu nyumba kuangalia kama anakufa. Miye nilikuwa bado na matusi yangu kubwa yote, hata moja haijatumika, na sasa hakukuwa tena na nafasi ya kuiweka.

"Kaa," akaniambia. "Mu ile ponti muko sahani. Sahani nyembamba za chuma, zimepangwa pamoja sawa mukate wa kukatwa. Njo zinashikanisha magurudumu mbili, gari ikiingia mu matope, gurudumu moja isizunguke bure na mwenzake anaangalia. Kwa hiyo ile ya kuzunguka sawa mapacha si ugonjwa. Njo afya yake. Lakini ku kona zile sahani zinapaswa kuteleza pole pole moja juu ya ingine. Ile mafuta nyepesi iko na dawa ndani, ya kuzitelezesha. Nyiye mumetia asali. Sasa sahani inashika, inaachia, inashika, inaachia."

"Kra-kra-kra," nikasema.

"Kra-kra-kra," akaitika. "Haijakufa. Iko inawatukana tu."

Alikuwa na bidoni ya ile mafuta bado, na kichupa ya dawa yake, chini ya kitanda. Biro ilipomuachia gari alibakia navyo. Nikamuuliza anataka nini. Akaniambia anataka vitu mbili: maziwa yenye haina povu, na samedi yeye njo ashike volani, juu hawezi kuacha ile gari ipelekwe ku arusi na watu wenye wanapima ponti kwa ukucha.

Nikarudi naye Murara. Muyomba alipomuona ameshuka ku pikipiki akainua fimbo.

"Umemutukana?" akaniuliza.

"Nilianza, muyomba. Akacheka."

Shofere akamusalimia vizuri, akafungua bidoni, akashika mukono ya muyomba sawa munganga, akamutilia tone juu ya ukucha. Tone ikakimbia mupaka ku shati.

"Mayi," muyomba akasema.

"Papa, ni vile inapaswa kukimbia. Ndani ya ponti hatutaki kitu ya kukaa kiti ya mbele. Tunataka kitu ya kupita."

Muyomba akanusa ukucha. Akakunja uso. Akanusa tena. Sijui nini ilimushawishi. Nafikiri ni kwamba samedi ilikuwa inakuja na kwamba fundi alikuwa amesimama kando na ufunguo mukubwa mu mukono, ana njaa ya kufungua. "Tieni," akasema. "Lakini ikiendelea kulia, weye njo utabeba ng'ombe."

Wakatoa asali. Ilichukua muda, ilitoka kwa madharau. Wakatia nyepesi, wakatia dawa, na shofere akasema bado: sahani zimekwisha jifunza tabia mubaya, zinapaswa kufundishwa upya. Tukaenda ku kiwanja ya mupira ya parokia. Shofere akaanza kuandika nane: kona ya kuume, kona ya kushoto, pole pole, volani imekunjwa mupaka mwisho. Kra-kra-kra. Nane ingine. Kra-kra. Vijana wenye walikuwa wanacheza mupira wakakaa chini kutungojea, halafu wakaanza kuimba kila mara gari ilipolia. Padri akatoka, akauliza kama ni maombi ya namna gani.

"Ni kitubio, mon père," nikamuambia. "Ponti yetu ilikunywa vibaya."

Mupaka jua ikaelekea kushuka, upande wa kuume ilikuwa imenyamaza kabisa. Kushoto ilibakia kidogo: kra moja, fupi, sawa mutu anakohoa ku kanisa. Shofere akasema hiyo itaisha nayo, lakini si kesho. Na kesho ilikuwa samedi.

Kwa hiyo tukafanya kitu yenye, ninavyojua, hakuna mutu ameifanya mu Goma. Tulivuka muji na ng'ombe bila kukata kushoto.

Tuliichukua asubuhi kwa rafiki ya muyomba, barabara ya Sake: mutamba mudogo, mwekundu, na doa nyeupe ku paji. Tukatandika majani mingi. Shofere ku volani, muyomba kando yake na koti ya sherehe, kaka yangu katikati yao amekauka sawa kijiti. Miye nyuma, nimesimama na ng'ombe, mukono yangu ku shingo yake. Kazi yangu ilikuwa asipige magoti. Namna gani, hakuna mwenye aliniambia.

Kila kwenye tulipaswa kukata kushoto, shofere alipita sawa, akakata kuume, akakata kuume tena, akakata kuume tena, tukatokea kwenye tulitaka. Rompwe ilikuwa marufuku, juu kuzunguka rompwe ni kushoto mutupu. Lakini kwa kuikwepa tulipita kando yake mara nyingi, na ku kila mara yule wa rulaje alikuwa pale.

Mwishowe akatusimamisha. Akaangalia ng'ombe. Akaangalia miye.

"Nyiye tena. Leo munatafuta nini?"

"Kushoto, shefu," nikasema. "Lakini tunaitafuta kwa kuume."

Alivuta pumzi murefu. "Na huyu njo mashini ya kupima mpya?"

"Ndiyo, shefu. Miye nilifukuzwa, sikukuwa na pembe."

Akatupatia njia. Akatusimamishia hata makamio.

Tukafika Katindo. Na pale, mbele ya parseli ya wakwe, njo tuliona kitu yenye hakuna mwenye alifikiri. Portail ilikuwa kushoto. Mutaa ilikuwa inaishia pale ku ukuta ya majiwe. Huwezi kupita, huwezi kutokea upande ingine. Wakwe wote walikuwa wamesimama ndani, wamevaa, na katikati yao, ku kiti, yule mukongwe na macho yake.

Shofere akatoa kichwa mu dirisha. "Kijana! Mushike!"

Sasa, kwetu, ng'ombe ya dote inasifiwa. Kuko watu wenye wamejifunza ile kazi, wanajua maneno ya zamani, wanaita pembe, wanaita ukoo ya mama yake. Huyo mutu wetu alikuwa anangojea ndani, na vazi yake nyeupe. Miye sijui hata neno moja ya ile. Lakini gari ilianza kukunja, na nilisikia ng'ombe inajaza pumzi, na kinywa yangu ikafunguka yenyewe.

"Eeh, mwekundu!" nikapiga kelele mu sikio yake. "Mwenye kardani nyoofu! Mwenye rulma hailie! Bibi wa kriki, hakuna mwenye atakuinua, unajiinua mwenyewe!"

Kra.

Miguu yake ya nyuma ikatanuka. Nikamuegemeza mugongo yangu yote.

"Mwenye mapine ine, zote urefu moja! Okazio haujawahi kuwa! Hauna mukilometa hata moja!"

Kra-kra. Goti ya mbele ikakunjika. Niliiona. Ikashuka kidogo, ikasimama mu hewa, kama mutu mwenye anafikiri kama akae ao asikae. Niliweka bega langu chini ya kidari yake, na yeye akaniwekea uzito yake yote, na kwa muda ule ni miye njo nilikuwa ponti.

"Usipige magoti, mama," nikamuambia, sasa pole pole, juu kelele ilikuwa imeniishia. "Kaka yangu hajui kuongea. Nani atamutafutia mwingine?"

Gari ikanyooka. Ikanyamaza. Goti ikarudi juu.

Tulikuwa ndani ya parseli, na ng'ombe ilikuwa imesimama, inaangalia wakwe sawa vile mutu anaangalia wapangaji wapya. Mutu wa kusifu alikuwa amesimama na kinywa wazi; nilikuwa nimemumalizia kazi na vipuri. Wote waliangalia mukongwe. Mukongwe aliangalia ng'ombe: paji, mugongo, na muda murefu, magoti.

Wakati ule mulango ya kabine ikafunguka, na muyomba akashuka na koti yake. Njia yote kutoka barabara ya Sake alikuwa amesukuma chini kwa miguu mbili, akisaidia gari, na miguu ilikuwa imekufa ganzi bila kumuambia. Akakanyaga chini. Hakukuwa na miguu pale. Akaanguka magoti mbili, paaa, mu vumbi, mbele ya wakwe wote, fimbo imeinuka juu.

Vumbi ikapanda mupaka ku koti.

Mukongwe akamuangalia. Akaangalia ng'ombe. Akamuangalia tena.

"Ng'ombe tumeipokea," akasema. "Huyu wa kupiga magoti, mumurudishe kwenye alitoka."

Watu walicheka mupaka wengine wakakaa chini. Mukwe mwenyewe, baba ya bibi-arusi, alimuinua muyomba, akamukumbatia, wakacheka pamoja mashavu ku mashavu. Kaka yangu alilia kidogo na akajifanya ni vumbi. Ng'ombe ikaanza kula maua yenye walikuwa wamefunga ku portail.

Wakatukalisha, wakatuletea kasiksi, ile pombe ya ndizi, mu kalabasi kubwa. Ya kwanza wakamupatia muyomba, kwa heshima, na wote wakamuangalia anywe. Akaishika kwa mikono mbili. Halafu nikaona kidole gumba inatoka pole pole, inaelekea ndani, inachovya, inainuka.

Shofere, mwenye alikuwa amekaa kando yake, akamushika mukono.

"Papa," akamuambia kwa sauti ya chini, "hiyo weye kunywa tu."